Nipe Mji

Nasinzia saa nne na robo asubuhi, Jumapili, ibada ya pili, katibu wa usharika akiwa kwenye tangazo la kumi na moja. Naitaja saa kwa sababu najua watu watasema nilikuwa nimekunywa, na sijanywa. Sijalala wiki nzima, basi. Nimeketi benchi la mbele kabisa, lakini msinionee wivu. Zamani nikija nyumbani hapa Mbareni benchi hili lilikuwa langu kwa heshima, lina mto mwekundu na chupa ya maji, na kabla ya sadaka ilikuwa lazima isemwe, Mheshimiwa mbunge wetu yuko nasi leo, karibu utusalimu, nami nilikuwa nasalimu dakika arobaini. Leo benchi ni lilelile ila mto umeondolewa. Leo ni benchi la wanaorudi kundini. Kushoto kwangu wameketi mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka sita bila ndoa, watoto watatu, na kulia kwangu mzee mmoja aliyekwenda kwa mganga kutafuta ng'ombe wake aliyepotea. Katikati yao ni mimi, Zefania Mrutu, mbunge niliyejiuzulu. Tutaitwa mmoja mmoja, tutasimama mbele ya madhabahu, Mchungaji Eliwaza Mshana atamuuliza kila mtu anatubu nini, tutajibu kwa vinywa vyetu, na usharika utatupokea kwa wimbo. Ndiyo desturi yetu, na hakuna anayeikwepa, awe mkulima au mkubwa.

Niwaeleze kosa langu sasa hivi, msije mkapotea njiani. Miaka miwili iliyopita nilizindua bomba la maji hapahapa, kwenye uwanja wa kanisa, karibu na geti. Mradi ulikuwa haujafika, mabomba yalikuwa yameishia kilima cha pili huko. Hata hivyo nilikata utepe, nikafungua koki, maji yakatoka kwa nguvu hadi yakanirukia tai, na akina mama wakapiga vigelegele. Nyuma ya ukuta kulikuwa na gari la maji na mpira mrefu. Tulipoondoka sisi, gari nalo likaondoka, na tangu siku hiyo bomba lile halijatoa hata tone. Mtu alikuwa juu ya paa na simu yake, akapiga picha za video, nchi nzima ikacheka. Nilipoulizwa nikasema nilidanganywa. Na nani? Na fundi. Nikamtaja kwa jina mbele ya vipaza sauti: Elisante Kajiru, fundi wa maji, mwimba besi wa kwaya ya usharika huuhuu. Akakamatwa, akakaa mahabusu miezi mitatu, akafukuzwa kazi, na kesi yake bado inapigwa kalenda. Gari niliagiza mimi, kwa simu yangu, huku nanyoa ndevu. Kajiru alinikatalia usoni. Alisema, Mheshimiwa, kesho watu watarudi hapa na ndoo, nitawaambia nini? Nikamwambia hilo si la kumuumiza kichwa fundi.

Anayejua hayo ni mimi na yeye, na yeye hakuna aliyemwamini. Usharika unadhani natubu pombe niliyoinywa baada ya kuanguka, pamoja na kofi nililompiga mwandishi wa habari sokoni. Mfukoni mwa koti nina karatasi aliyoniandikia Tuvako, mtu wangu wa hotuba tangu kampeni ya kwanza. Tuvako ni mwerevu kupita kiasi. Aliniambia, Mzee, mlango wa kurudia kwenye siasa uko kanisani, wewe lia vizuri tu mbele ya watu, chama kitakufuata chenyewe. Yuko nyuma huko amesimama na simu, tayari kunirekodi nikilia. Karatasi inaanza hivi: Endapo kuna yeyote aliyekwazika kwa namna moja au nyingine. Nimeikariri yote. Katibu anasema zamu ya usafi wiki hii ni mtaa wa juu, waje na mafagio yao, na sauti yake inakuwa nene, inarefuka, inarudia mafagio, mafagio, na mlango mdogo wa chumba cha mchungaji kando ya madhabahu unafunguka na mtu mmoja anatokeza, ananipungia mkono niende. Kifuani ana beji imeandikwa Mapokezi. Nainuka. Kuitwa mbele sijawahi kukataa maishani mwangu.

Navuka kizingiti nikitegemea kukuta majoho na harufu ya mishumaa, na badala yake nakanyaga lami. Lami mpya, nyeusi, imenyooka mpaka inapokutana na mbingu, na kando yake kuna nyingine, na nyingine, zinapishana, zinapanda milima bila kona, zinapita juu ya madaraja yanayong'aa. Moyo unaniruka. Nazijua barabara hizi! Hii ndiyo ile ya kwenda kilima cha pili, niliyoiahidi kampeni ya kwanza. Hii ni ile ya kupeleka tangawizi sokoni, niliyoiahidi mara tatu. Zote ziko hapa, kila barabara niliyowahi kuahidi juu ya jukwaa, na hakuna hata gari moja. Kumbe zipo, napiga kelele, kumbe nilizijenga! Mtu wa Mapokezi anatembea tu mbele yangu. Kila baada ya hatua kumi utepe umekatiza njia, na mkasi uko juu ya sinia lenye kitambaa cheupe, nami naukata, makofi yanalipuka kutoka hewani, na barabara inaanza upya palepale ilipoanzia. Nakata tena. Nakata kwa furaha kama mtoto. Nimekata labda utepe wa mia ndipo naona kwamba kichaka cha kushoto ni kilekile, jiwe ni lilelile, na sijasogea hata hatua moja.

Ndugu, namwita yule wa Mapokezi, hapa tunaelekea wapi? Anageuka. Hana uso. Si kwamba anatisha, mahali pa uso pako, ila kila nikipatazama macho yangu yanateleza, yanaangukia begani mwake, yanatafuta kitu kingine cha kutazama. Anasema, Kitendawili. Nacheka kwa sauti. Miaka hamsini sijaambiwa neno hilo! Tega, namjibu. Anasema, Nina kitu changu, siku moja kilifunguka kwa vigelegele, siku zote zilizobaki kimenyamaza. Jibu nalijua kabla hajamaliza. Linanikaa kooni hapa, lina koki na lina utepe. Lakini mimi ni mtu wa siasa, jibu nisilolipenda huwa silijui. Nimeshindwa, namwambia. Basi nipe mji, anasema. Mnaukumbuka mchezo huu. Tuliucheza tukipukuchua mahindi na bibi: ukishindwa kitendawili unaambiwa nipe mji, nawe unataja mji wowote duniani unampa mwenzako, naye anasema nilikwenda mji huo nikapokelewa vizuri, halafu ndipo anakutegulia jibu. Watoto wenzangu waliona uchungu kutoa miji. Mimi niligawa miji mikubwamikubwa bila kuhurumia, mpaka bibi akasema huyu atakuwa mtu wa siasa. Chukua Dubai, namwambia wa Mapokezi, nilikwenda huko kwa semina ya siku tatu. Anapokea kwa mikono miwili. Nilikwenda Dubai, anasema, na hapohapo tumeshafika.

Mji wote ni vioo. Kuta ni vioo, barabara ni kioo, mbingu nayo inatuonyesha sisi tukitembea vichwa chini. Na watu ni wengi, maelfu, wote wamevaa fulana zenye picha yangu ya kampeni, ile ninayotabasamu, na juu ya fulana, penye shingo na kuendelea, hamna nyuso. Wananishangilia! Mbele wananishangilia, nyuma wananishangilia, ndani ya vioo wananishangilia na maandishi ya mabango yamegeuka. Naona raha, sitawaficha. Damu inanichemka mwili mzima. Napanda juu ya kitu, nainua mikono, nasema Mbareni oyee, na kelele zote zinakatika kwa mpigo. Nikinyamaza wanashangilia. Nikifungua mdomo wanakaa kimya. Nafungua, nafunga, nafungua. Kisha natazama kioo kilicho mbele yangu niiweke tai sawa, nami simo. Katika kioo kile liko gari la maji, limesimama pale pale nilipo mimi, na mpira wake unatoka unapita katikati ya umati. Nageukia kioo cha pili, gari. Cha tatu, gari, na injini inanguruma. Tuondoke hapa, namwambia wa Mapokezi, mji huu ni mbaya. Ni wako, ananijibu, mimi nimepewa tu. Na jibu je, hunitegulii? Miji nachukua mimi, anasema, jibu linabaki kwako.

Tunatembea tena. Sijui ni barabara ipi kati ya zile, zinaingiana, tunapinda kulia na kujikuta tumetoka kushoto, na yeye hachoki. Kitendawili, anasema. Safari hii nachelewa kidogo. Tega. Wawili walikuwa na mzigo mmoja. Aliyeufunga akaenda zake, asiyeugusa akaubeba. Nasimama. Nasikia kucha za vidole zinaniuma, ndivyo ninavyokuwa nikishikwa na hofu tangu shuleni. Hicho hakimo kwenye vitendawili vya bibi, nabisha. Kimo kwenye vyangu, anasema. Nimeshindwa. Nipe mji. Chukua Dodoma yote, na viti vyake, na vipaza sauti vyake, namwambia, nikiamini hapo nimetoa kitu kikubwa mno hata atanionea aibu. Nilikwenda Dodoma, anasema, na milango mikubwa inafunguka tunaingia ukumbini. Viti ni vya kijani, mamia, na katika kila kiti nimeketi mimi. Mimi mwenye suti ya bluu, mimi mwenye kaunda, mimi nikiwa na nywele, mimi baada ya nywele. Mbele pale mimi mwenye joho anagonga meza. Hoja imetolewa, anasema, kwamba gari la maji liliagizwa na mheshimiwa huyu aliyeingia. Wanaoafiki waseme ndiyo. Kimya. Wasioafiki waseme siyo. Siyooo, ukumbi mzima unanguruma, sauti yangu mara mia tatu, na wanapiga meza na kunipongeza, na mmoja wao ananikonyeza. Nafikiri waliosema siyo wameshinda, anatangaza mwenye joho. Nataka kucheka nao, kwa kweli najaribu, ila kiti kimoja ukumbini hakina mtu. Juu yake kuna ovaroli ya bluu iliyokunjwa vizuri, na juu ya ovaroli kuna spana, na kitabu cha nyimbo cha kwaya, sauti ya besi, kimechakaa pembe. Nakaribia. Nakigusa kitabu, kina joto, ni kama kimewekwa sasa hivi. Naanza kulia, na mimi wote mia tatu wanatoa leso kwa wakati mmoja na kulia vizuri sana, na kamera zinageuka. Hapo machozi yananikauka kwa aibu.

Nakimbia. Natoka kwa mlango wa nyuma, na nje barabara zimeisha, imebaki njia moja nyembamba ya vumbi, na njia yenyewe ni foleni. Watu wamesimama mmoja nyuma ya mwingine na madumu ya njano na ndoo, foleni inapinda mlimani, inashuka, inapotea, inatokea tena. Nyuso hawana. Natembea kando yao nikielekea mbele, na kwa mazoea nasema samahani, samahani, naomba kupita, mimi ni mbunge, na mwanamke mmoja ananijibu bila kugeuka, Pita baba, hata sisi tulidhani huko mbele kuna kitu. Natembea. Ninavyotembea naitambua miti, naitambua miamba, hapa ndipo nilipojikwaa nikiwa darasa la tatu, hapa tuliiba mapera. Ni Mbareni. Foleni inaingia kwa geti la kanisa, na mwisho wake pale ukutani ni bomba langu, na utepe uliochakaa bado umening'inia, na kibao cha shaba kinachosema kwamba jiwe la msingi limewekwa na mimi. Nafungua koki. Linatoa hewa tu. Fiii. Foleni nzima inasogea hatua moja kunikaribia.

Wa Mapokezi ameketi kwenye ukingo wa zege, amepakata ndoo tupu. Kitendawili, anasema. Siko tayari, namwambia. Anangoja. Tega, nasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Aliyeagiza gari ni nani? Hicho si kitendawili, napaza sauti, hilo ni swali la polisi! Ni kifupi kuliko vyote nilivyo navyo, anasema, ndiyo maana kimekushinda miaka miwili. Naingiza mkono mfukoni, natoa karatasi ya Tuvako, naanza, Endapo kuna yeyote aliyekwazika, na karatasi inatoka, inaendelea kutoka, ndefu kama kitambaa dukani, kwa namna moja au nyingine, kwa namna moja au nyingine, inanifunga miguu, inajaa uwanjani, na nukta ya mwisho haionekani. Nimeshindwa, nalia, nimeshindwa, ndugu yangu! Basi nipe mji. Natafuta. Dubai nimetoa, Dodoma nimetoa, na kila mji ninaoutaja ananiambia huo si wako. Imebaki Mbareni. Hii naweza kuitoa, jina langu limo kwenye kibao. Nafungua mdomo niseme chukua Mbareni, na mtu wa kwanza katika foleni anaweka dumu lake chini. Ana uso. Wa kwanza kumwona tangu nivuke mlango. Ni mama yangu mzazi, tuliyemzika mwaka wa nne huu, amevaa kitenge chake cha umoja wa wanawake, kile chenye msalaba, na kisigino cha kushoto kimepasuka kama kilivyokuwa. Zefa, ananiita. Na mimi pia utanitoa?

Jamani. Kuna kitu ndani ya kifua kinachofunguka, nakisikia kikifunguka, hakinisubiri mimi kukiruhusu. Mimi, nasema. Sauti inatoka imekwaruza. Mimi! Gari niliagiza mimi, mama, Kajiru alikataa, nikamsingizia, kalala ndani miezi mitatu kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nakula samaki hotelini naangalia taarifa ya habari! Nayasema kwa foleni, nayasema kwa mlima, narudia, siwezi kujizuia, kila ninaporudia najisikia mwepesi zaidi, na ninapogeuka watu wote katika foleni wana nyuso. Wote! Mwalimu wangu wa darasa la tatu, muuza ndizi wa stendi, mwandishi niliyempiga kofi, mkewe Kajiru akiwa na mtoto mgongoni. Hawakuwa na nyuso, namwambia wa Mapokezi, nyuso wamezipata wapi? Walikuwa nazo siku zote, ananijibu, wewe ulikuwa unatazama kamera. Na hapo naona kwamba yeye pia ana uso, na msiniulize ulivyo. Nimehutubia miaka kumi na tano na maneno ya kuueleza sina. Nakumbuka kwamba unanitazama kana kwamba mimi ndiye aliyesubiriwa na foleni yote.

Koki inatetemeka. Inakohoa hewa mara mbili, inatoa matope kidogo, halafu maji. Maji! Yanapiga kitako cha ndoo kwa kishindo, na foleni inapiga vigelegele hadi ngozi inanisisimka, na safari hii nakimbilia ukutani nichungulie, na nyuma ya ukuta hakuna gari. Kuna nyasi tu na mbuzi wa mchungaji. Narudi mbio. Wa Mapokezi amepiga magoti mbele yangu na ndoo imejaa, na kabla sijamkataza ananimwagia maji miguuni, juu ya viatu, juu ya soksi, polepole, akinisugua vumbi la njia yote ile, na viganja vyake vina makovu makubwa katikati, moja kila kiganja. Bwana, namwita. Neno hilo nimeliimba tangu shule ya Jumapili, na leo ndiyo mara ya kwanza nalisema kwa mtu anayenisikia. Naamini, namwambia, sikia, naamini, sijui nifanye nini na hilo ila naamini! Anacheka, na mimi nacheka, nimelowa, nina furaha ya mtu aliyeokotwa. Halafu utundu wa utoto unanipanda kichwani. Kitendawili, namwambia mimi. Anakaa vizuri, macho yanameremeta. Tega. Kuna mtu aliharibu kila alichokishika, na bado anaitwa kwa jina lake kama anayependwa. Kwa nini? Anafikiri. Anatikisa kichwa. Nimeshindwa, anasema, sababu sina, ni hivyo tu. Basi nipe mji! napiga kelele. Nimekupa, anasema. Upi? Huu ambao jiwe lake la msingi hukuliweka wewe. Nataka kuuliza uko wapi, unaingiliwa lango lipi, ila tayari anatazama juu ya bega langu na kuniambia, Nenda, unaitwa.

Zefania Mrutu. Zefania Mrutu! Yule mwanamke wa kushoto ananigusa kiwiko, Mheshimiwa, jamani, mchungaji anakuita. Nainuka. Taa, maua, kitambaa cha madhabahu, katibu ameshakaa. Nimefika mbele bila kujua nimefikaje, na Mchungaji Eliwaza ananitazama kwa miwani yake. Ndugu Zefania, unatubu nini mbele za Mungu na mbele ya usharika huu? Mkono unaingia mfukoni wenyewe. Karatasi ya Tuvako iko rojorojo, wino umetiririka, neno pekee linalosomeka ni endapo. Labda ni jasho. Naikunja, nairudisha, na kumbe nacheka, na wazee wa kanisa wanatazamana. Natubu gari la maji, nasema. Niliagiza mimi. Kajiru alinikatalia, nami nikamsingizia. Natubu hilo kwanza, pombe na kofi nitavitubu baadaye kama muda upo. Nyuma kule namwona Tuvako anashusha simu polepole, kisha anatoka nje. Na katika benchi la mwisho karibu na mlango anasimama mtu mrefu ambaye hakai tena upande wa kwaya. Anakuja kwa njia ya katikati. Ni Kajiru. Amekonda, koti linamning'inia. Anasimama mbele yangu umbali wa mkono.

Rudia, anasema.

Gari niliagiza mimi, ulinikatalia, nikakusingizia.

Rudia kwa sauti. Mke wangu yuko nje anabembeleza mtoto, hajasikia.

Narudia bila kipaza sauti, hadi madirisha yanaitika. Kajiru anafumba macho, anayafumbua. Sitaki kukumbatiwa, anasema. Sikukumbatii, namjibu. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa polisi, anasema, ukaandike maelezo kwa mkono wako. Nitakuja. Unajua wanaweza kukuweka ndani wewe? Najua, na nikisema najua moyo unanidunda kwa furaha, mnione mwendawazimu, sijali. Na usipokuja, Zefania? Ananiita Zefania. Miaka kumi na tano hakuna mwanamume wa Mbareni aliyeniita hivyo. Natafuta cha kumwahidi, nami nimezoea kuahidi, na sina kitu. Sina mji wa kukupa, namwambia, nimeishiwa. Anakunja uso kidogo, au ni tabasamu, sina hakika, machozi yananizuia kuona. Naufuta uso wangu upesi kwa sababu nahitaji kuuona wake, nihakikishe upo. Upo. Una kovu dogo chini ya jicho ambalo sikuwahi kuliona. Yeye anatazama chini. Mbona viatu vyako vinachuruzika maji, anauliza, umepita wapi? Natazama. Sakafu ya kanisa imelowa kuanzia benchi mpaka hapa niliposimama, nyayo kwa nyayo, na nje ni jua kali, mvua hatujaiona mwezi mzima.

Mchungaji anainua mkono kuanzisha wimbo wa kunipokea, kwaya inainuka, na katika ule ukimya mfupi kabla ya sauti ya kwanza kinasikika kitu huko nje, upande wa geti. Kikohozi cha hewa, mara mbili. Halafu kishindo cha maji kikigonga kitako cha ndoo. Kajiru anageuza kichwa. Yeye ni fundi, sauti hiyo hawezi kuikosea. Anasikiliza, mkono wake umeinuka hewani, na polepole unashuka unanishika mkono wa koti.

Unasikia? ananiuliza.

Nasikia, namwambia. Na kama bado nimelala pale benchini katibu akitangaza mafagio, au kama tumeamka, hilo sijui, ila safari hii tuko wawili, naye ameanza kunivuta tuelekee mlangoni.